Vichwa Kumi na Viwili

Mimi si mtu wa kumeza kila ninaloambiwa. Nakagua hesabu katika benki moja hapa Johannesburg, na kazi hiyo imenifanya mkorofi kidogo: mtu akinieleza jambo, namwambia anionyeshe. Kwa hiyo nikisema kwamba upande wa timu ya mdogo wangu walikuwako watu kumi na wawili uwanjani, msifikiri nilisinzia. Nilihesabu, nikarudia.

Mdogo wangu anaitwa Levi Omollo. Alikulia hapa mjini, mtaa wa Troyeville, akacheza raga shuleni mpaka walimu wakachoka kumsifu, kisha akaja Mmarekani mmoja aliyekuwa akitafuta vijana wakubwa wenye mbio, akampeleka Florida kujifunza mpira wao. Ule wa helmeti na mabega ya plastiki, ambao watu husimama zaidi kuliko wanavyocheza. Timu moja ya mji wa baridi ikamchukua. Mwaka wa kwanza alikaa kwenye kikosi cha mazoezi, yaani unagongwa wiki nzima kama gunia ili wenzako wapate wa kumgonga, na siku ya mechi unavaa nguo zako za nyumbani ukatazama. Kikosi hicho hakina heshima wala uhakika. Siku yoyote ya Jumanne unaweza kuitwa ofisini, na anayeitwa hurudi kukunja nguo zake.

Mwaka wa pili wakamwingiza uwanjani. Si kushika mpira, msijidanganye. Timu yake ikishapiga mpira mbali, wachezaji wake kumi na mmoja hutimua mbio kwenda kumwangusha anayeudaka, nao wenzake huja mbio kukuangusha wewe. Levi alisema hiyo ni kazi ya vichaa, na kwamba aliipenda.

Kila Jumapili jioni tulikusanyika kwa Mama kutazama. Mama yangu, Serah, ni mjane na ni mzee wa kanisa katika ushirika wa Wakenya hapa mjini, kwa hiyo nyumba ilijaa: wahandisi, wauguzi, mhadhiri mmoja asiyejua kunyamaza. Kabla ya mechi tulishikana mikono, naye Mama akaomba kwa sauti. "Bwana, msimamie Levi. Mtangulie Levi. Levi aonekane leo, Bwana, Levi ainuke." Sisi tukaitikia jina hilo hilo mpaka kuta zikalijua.

Mimi nilikuwa na dua yangu fupi. Zamani, akiwa darasa la saba, aliingia uwanjani na kamba za viatu zikiburura, akaanguka mbele ya shule nzima kabla hajaguswa na mtu. Tangu hapo, kabla ya kila mechi, nilimpigia simu nikasema neno moja, "Kamba?" naye akajibu, "Nimefunga, mama mkwe." Hakuna siku alijibu vingine. Nilimlea mimi yule mtoto, wakati wazazi wetu wakikimbizana na kazi, na utani huo ulikuwa ndio kusema nakupenda kwetu sisi watu tusiosema.

Jumapili ya kwanza walijipanga kupiga mpira, mwamuzi akatupa kitambaa cha njano. Wachezaji wamezidi, akatangaza. Waamuzi wa mchezo huo huwahesabu watu kila mara, wakiwa wamekunja ngumi kuonyeshana kwamba hesabu imekubali, na hawakosei ovyo. Timu ikaadhibiwa. Kisha wakarudia picha, na watangazaji wakacheka, kwa sababu kwenye picha walikuwa kumi na mmoja.

Jumapili ya pili, waamuzi wengine, uwanja mwingine, kitambaa tena. Safari hii nilikuwa na rimoti mkononi. Nikarudisha nyuma, nikahesabu namba za jezi, moja moja: kumi na moja. Nikahesabu vichwa wakiwa wanakimbia. Vilikuwa kumi na viwili. Nikasimamisha picha, vikawa kumi na kimoja. Nikaiachia, wakakimbia, na ubavuni mwa Levi kulikuwa na mwingine, bega kwa bega naye, akitupa miguu vile vile. Kila nilipomkazia macho yeye peke yake, nilijikuta namtazama Levi.

"Leo wako wote wawili," akasema Bi Kidawa nyuma yangu, taratibu, huku akimenya chungwa.

Bi Kidawa ni jirani yetu wa Kizanzibari, anauza vitumbua na sambusa sokoni Newtown. Hajui mpira huo hata kidogo. Huja kwa ajili ya Mama na chai. Niligeuka nikamtazama, naye akatazama chungwa lake.

Ngojeni kwanza niwaeleze, kama wasemavyo wasimuliaji wasio na haraka. Levi alizaliwa pacha. Mwenzake, Joram, alifariki kwa homa ya uti wa mgongo wakiwa na miaka sita, hapa hapa Johannesburg. Kwetu Wajaluo pacha wana majina yao, wa kwanza Opiyo, wa pili Odongo, lakini Mama alikuwa ameokoka na hakutaka mambo ya kienyeji, akawaita Levi na Joram basi. Mimi sikuwako. Wazazi wangu walipokuja huku na wale wachanga, waliniacha Siaya kwa nyanya nisome. Nililetwa mwaka uliofuata msiba, nikakuta mdogo wangu mmoja, mnyamavu, akaninyemelea jioni ya kwanza na kulala miguuni pangu. Bi Kidawa ndiye aliyekuwa akiwatunza mchana.

Nikamfuata jikoni.

"Umesema nini pale, Bi Kidawa?"

"Sijasema kitu, mwanangu. Macho ya uzee haya."

"Umesema wako wote wawili."

Akafunga mlango. "Haya, nikuulize na wewe unambie. Aliyekufa ni nani?"

"Joram."

"Ndivyo nilivyoambiwa na mimi." Akakaa kwenye kiti cha Mama. "Wale watoto walikuwa sura moja, hata mama yao akiwachanganya. Lakini Levi alikuwa mashoto. Nimkemee, nimfinye, kijiko ataking'ang'ania kwa kushoto tu, na huku anatafuna ukosi wa shati mpaka unakuwa tambara. Joram ndiye wa kulia. Baada ya mazishi yule aliyebaki akaja kwangu kula. Nikampa kijiko, nikamwambia, haya Levi, kula. Akakishika kwa kulia. Nikanyamaza, Lyn. Mambo ya watu hayo, na mimi mgeni katika nchi ya watu."

Levi ninayemjua mimi huandika kwa mkono wa kulia. Hurusha kwa kulia. Sijapata kumwona akitafuna ukosi.

Jumanne yake akapiga simu mwenyewe. Kiswahili chake ni cha watoto waliokulia hapa, kimechanganyika na kila kitu, lakini na mimi hujikaza kukitumia.

"Lyn, eish, iko shida. Kocha ameniita."

"Amekufukuza?"

"Bado. Amesema yeye hajui mimi nafanya nini, lakini nikikaa nje hesabu iko sawa, nikiingia hesabu inaharibika. Mechi ingine ni ile ya kule London. Kitambaa ikianguka tena, narudi Joburg." Nikasikia akifunga mlango. "Lyn, nikwambie kitu, usicheke. Kwa uwanja, wakitangaza jina, Levi Omollo, kuna mtu ingine anasimama kabla yangu."

Sikucheka. Nilimuuliza tangu lini, akasema tangu alipokuwa mdogo. Mwalimu akiita Levi darasani, alihisi kiti cha jirani kikisogea. Lakini huko, watu elfu sitini wakiita kwa pamoja, yule mtu haamki tu, anakuja.

"Wewe unajua ni nani," nikasema.

"Najua," akasema. "Si ni jina lake?"

Nilimkuta Mama anakanda unga wa chapati. Sikumzunguka. Nilimwambia alichosema Bi Kidawa, nikamwambia alichosema mtoto, kisha nikasimama nikingoja akatae. Nilitaka sana akatae. Mama akaendelea kukanda mpaka unga ukawa mgumu usiofaa tena.

"Kibali cha Levi cha kuishi hapa kilikuwa kimetoka," akasema mwishowe. "Cha Joram kilikwama. Shule ilikubali kumpokea mmoja mwaka uliofuata, mwingine tungeendelea kumficha kwa Kidawa. Kisha Mungu akamchukua yule mwenye kibali. Baba yako akakaa pale uliposimama, akasema aliyekufa hana haja ya karatasi. Ndivyo tulivyofanya. Tukamwandikisha marehemu kwa jina la Joram. Tukamwita huyu tukamwambia, kuanzia leo wewe ni Levi, na akiuliza mtu, wewe ni Levi. Alikuwa na miaka sita, Lyn. Akasema, sawa Mami, na Joram ataniita nani?"

Niliketi. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi, maana Baba tulikwisha kumrudisha Siaya ndani ya sanduku, na Mama alikuwa mbele yangu mikono imejaa unga. Nikafikiria zile Jumapili zote, sebule nzima imeshikana mikono. Levi ainuke, Bwana. Levi aonekane. Tulikuwa tunamwita mwenyewe jina lake, na yeye mtoto mtiifu akawa anaitika.

"Hatuwezi kulibadilisha sasa," nikasema. "Mkataba, viza, kila kitu kiko kwa jina hilo. Ikijulikana, hana kazi wala nchi."

"Najua."

"Basi tufanye nini, Mama?"

Alinawa mikono, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aokoke. Alimpigia simu mamake Siaya kumuuliza mambo ya wafu.

Nyanya alisikiliza bila kukatiza. Ana umri mkubwa na sikio moja tu, lakini akili yake ni wembe. Alituambia kwamba kwetu jina la marehemu kuvaliwa na aliye hai si ajabu, watoto wote hupewa hivyo, ila huombwa. Jina la mtu ni kama shamba lake, hulimi kabla ya kuuliza. Mlimvua mtoto jina hata mwili haujapoa, akasema, na hamkumwambia neno. Nendeni mkakae naye chini, mumweleze, mumwombe amwachie ndugu yake. Alikuwa mtoto mwema, atakubali.

"Lakini Serah," akasema, "sikia. Kuomba ni kukaa na kuongea. Kumwita ni kumleta. Msichanganye hayo mawili. Msimwambie njoo."

Mama akasema amesikia. Mimi pia nilisikia, maana simu ilikuwa imewekwa sauti juu.

Jumamosi kabla ya mechi ya London nilimpitia Mama asubuhi. Alitoka ndani amevaa sare ya ushirika, na mkononi ameshika kifurushi cha gazeti. Sikuuliza. Nilidhani ni maua.

Makaburi yako kusini mwa mji, ya manispaa, nyasi ndefu na mabanda ya wauza maji langoni. Ilituchukua muda kuipata safu ya watoto. Kulikuwa na kibao kidogo cha bati kilichopauka: JORAM OMOLLO. Nililisoma jina hilo mara mbili, kwa sababu mwenye jina nilikuwa nimeongea naye asubuhi ile, akila mayai hotelini London.

Mama akapiga magoti. Akaanza vizuri, nakiri. Akaeleza habari za vibali, akamtaja Baba, akaomba msamaha. "Tumekuja kukuomba jina, mwanangu," akasema. "Mwachie ndugu yako." Kisha akafika pale alipopaswa kumtaja kwa jina lake, na hakuwa amelitamka jina hilo kwa mwenyewe tangu siku alipomzika.

"Levi," akasema, akakishika kibao. "Levi. Levi wangu."

Sijawahi kusikia mtu akilia vile. Mama yangu, aliyezika mume bila kutetemeka sauti, alilala kifudifudi juu ya nyasi za watu. Na alipoinuka akafungua lile gazeti, ndani mlikuwa na tawi la miiba.

Nililitambua. Kila mtu anayeishi huku analitambua. Wazulu hulitumia kumchukua marehemu aliyefia mbali: unaligusisha pale alipolala, unamwambia twende, na njia nzima unaongea naye yeye tu, unamtajia kila njia panda asije akapotea. Mama alikuwa ameona watu wakitoka langoni na matawi hayo kwa miaka yote hiyo, kila alipokuja hapa kwa siri. Maana alikuwa akija, kumbe.

"Mama, nyanya amesema nini?"

Mama akaligusisha tawi kwenye udongo. "Levi, njoo," akasema. "Twende nyumbani, mwanangu. Umelala nje vya kutosha."

Ningeweza kumpokonya. Nimeliwaza hilo mara nyingi. Lakini ni mama yangu, na alikuwa akimsemesha mtoto wake, na mimi kwa kweli nilijiambia ni tawi tu.

Aliliweka kiti cha mbele, yeye akakaa nyuma. Nilipowasha gari, likaanza kulia ile kengele ya mkanda, ile inayolia abiria akiwa hajajifunga. Kwenye kiti hakukuwa na kitu ila kijiti cha miiba kisichozidi uzito wa kijiko. Likalia tulipotoka langoni, likalia mpaka barabara kuu. Mama akainama mbele akavuta mkanda juu ya tawi, akaufunga. Kengele ikanyamaza.

"Tunasimama, Levi, taa za robot ni nyekundu," akasema Mama kwa sauti laini nisiyoijua. "Sasa tunavuka. Huu ni mtaa mpya, hukuuona wewe. Tumekaribia."

Mimi nilitazama barabara. Sikugeuka kushoto hata kwenye makutano yanayotaka kugeuka kuangalia.

Mechi ya London ilianza saa tisa na nusu alasiri kwa saa zetu, jua linawaka nje na watu wamejaa sebuleni na sahani zao. Nilikuwa nimempigia mdogo wangu kabla hajaingia, simu ikaita bila kujibiwa. Nilijiambia ni mambo ya Ulaya, mtandao wao. Mama hakuomba kwa sauti siku ile. Alikaa karibu na skrini na mikono mapajani, kama mtu anayesubiri ndege itue.

Wakajipanga. Mwamuzi akahesabu kwa kidole, akakunja ngumi. Nikahesabu namba, kumi na moja. Nikahesabu vichwa, kumi na kimoja. Mpira ukapigwa, wakatimka, na ubavuni mwa mdogo wangu hapakuwa na mtu. Sebule nzima ikashangilia kitu ambacho hakikutokea, na mimi nikalia kwa furaha, siwafichi. Nikamkumbatia mhadhiri.

Kipindi cha pili mdakaji wa wapinzani aliponyokwa na mpira, mdogo wangu akauangukia. Ilikuwa jambo kubwa. Watangazaji walilirudia jina lake mara nyingi. Akainuka nao mpira ameukumbatia, akaenda pembeni, akavua helmeti. Kamera ikamsogelea. Alikuwa anatabasamu mdomo mzima, akishangaa taa na watu kama mtoto aliyepelekwa maonyesho. Mpira alikuwa ameukumbatia kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono huo huo akauhamisha kwapani, akavuta ukosi wa jezi, akautia mdomoni, akautafuna.

Chungwa la Bi Kidawa likaanguka. "Ya Rabi," akasema, akajifunika ushungi usoni.

Mama alinyoosha mkono akagusa kioo cha televisheni.

Jioni ikapigwa simu ya video. Nilikuwa peke yangu jikoni, nikaipokea mimi. Uso wa mdogo wangu, kila kitu mahali pake, hata ile alama ya raga kwenye nyusi. Nikamwambia neno letu.

"Kamba?"

Akanitazama. "Kamba gani?"

"Acha mchezo. Kamba?"

Akanisogelea kwenye kioo, akanichunguza kwa adabu, vile mtoto anavyomchunguza mgeni aliyeambiwa amsalimie. Alipozungumza hakikuwa kile Kiswahili cha mitaa ya huku. Kilikuwa Kiswahili kitamu, cha Unguja, alichofundishwa na Bi Kidawa mtoto aliyeshinda kwake na kufa kabla hajajifunza kingine.

"Shikamoo," akasema. "Wewe ndiye yule dada aliyeko kwa nyanya? Mami yupo? Nna njaa mie."

Mama aliichukua simu mkononi mwangu. Alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaenda nayo chumba cha zamani cha wavulana, mahali alipoliweka tawi, akafunga mlango, na nikamsikia akicheka. Sikuwa nimemsikia Mama akicheka vile maisha yangu yote.

Jumanne hakuitwa ofisini. Aliitwa Jumatano, akapewa mkataba kamili, na kocha akaambia magazeti kwamba kijana ametulia, ni kama amezaliwa upya. Ushirika ukafanya ibada ya shukrani. Mimi nilikaa kiti cha nyuma na sikuimba.

Nilimsubiri Mama tulipobaki wawili. "Joram yuko wapi?" nikamuuliza.

"Nilitaka tu arudi nyumbani," akasema. "Sikufikiria huyu mwingine ataenda wapi."

"Ulifikiria, Mama."

Hakukasirika, na hilo liliniumiza zaidi. "Nimewazaa wote wawili, Lyn. Miaka yote hii mmoja amelala nje peke yake, na hamkuwa na habari naye, hata wewe. Sasa unalia wako. Mimi nimemlilia wangu."

Nikachukua funguo za gari nikaondoka.

Jumamosi nilikwenda makaburini peke yangu. Watu walikuwa wengi, familia na mabeseni ya maua, vijana wakikata nyasi. Kwenye safu ya watoto kibao cha bati kilikuwa pale pale na jina lile lile, na safari hii hapakuwa na uongo ndani yake. Mama alimwita mmoja kwa jina lake, na huyu mwingine hakubakiwa na jina mahali popote duniani ila hapa. Alifuata jina lake. Alikuwa mtiifu tangu utotoni.

Nikapiga magoti. Nilijiona mjinga, nakiri, mkaguzi wa hesabu na suruali ya kazi kwenye vumbi. Niliinama karibu na udongo.

"Joram," nikasema. Tangu nimjue sikuwahi kumwita hivyo. "Joram. Kamba?"

Upepo ukapita kwenye nyasi. Watu waliokuwa karibu waliendelea na maongezi yao. Kisha chini, si mbali, karibu kabisa na magoti yangu, nikaisikia sauti yake, ile ninayoijua, nzito ya usingizi.

"Nimefunga, mama mkwe."

Nikamwambia angoje kidogo, asiende popote, narudi. Nikapangusa magoti, nikatoka langoni kwa wale wanaouza maji, nikawauliza matawi yanauzwa wapi.